Wenye Bahari Wako Wapi?

Kisongo,
Arusha.
Novemba 13, 1994.

Mpendwa Shangazi Skolastika,

Shikamoo. Baba Aikande hajambo? Na watoto je? Sisi tu wazima, isipokuwa bibi na goti lake, ambalo likianza kuuma lazima nyumba nzima tujue. Mvua za vuli zinatutania tu. Na wewe mbona kimya hivi, tangu Pasaka ya mwaka juzi? Sikulaumu, nauliza tu.

Shangazi, nimepata nafasi chuo cha ualimu, tena huko huko kwenu Tanga! Niliruka nusura nimwage maziwa. Baba alifurahi, akachinja na mbuzi. Sasa amegeuka, hataki hata kusikia, na kisa ni sinema.

Lemburis, yule muuza magadi, amenunua televisheni na jenereta. Siku hizi si kila kitu ruksa? Basi siku ya soko anaonyesha video nyuma ya duka. Baba alinichukua nimfasirie Kiingereza.

Ilikuwa ya vijana wa kizungu ufukweni, yaani vituko vitupu! Mvulana anampenda msichana, rafiki yake anaangukia keki, na kila wakitaka kugombana wanaanza kuimba na kucheza wote pamoja. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini hebu niambie, muziki unatoka wapi pale mchangani? Sikuona hata mpiga gitaa mmoja. Na mtu akitoka baharini nywele zinabaki kavu vile?

Baba hakucheka. Aliniuliza kwa nini hakuna anayeleta ng'ombe kwenye maji yale ya chumvi, wakati sisi magadi ya kuwalambisha tunanunua. Hivi ng'ombe wa huko wanayanywa?

Tulipotoka akasema, "Wageni nimewaona. Wenye bahari wako wapi?" Unamjua kaka yako: kwake mzungu aliyevaa kaptula ni mtalii, basi. Nikamweleza kwamba ile ni bahari ya kwao, mbali kabisa. Akanijibu kwamba mimi mwenyewe nilimsomea kitabuni kuwa bahari zote zimeungana.

Wiki iliyofuata akalipa tena, akakaa mbele kabisa. Nikadhani kanogewa na nyimbo. Kumbe wakati wale wanacheza, yeye alikuwa anaangalia nyuma yao, anatafuta nyumba, moshi, mtu anayefua. Alikuwa anakutafuta wewe, Shangazi. Usiku ule hakula. Alisema tu, "Wamewahamisha. Kama sisi."

Mimi habari ile nimesimuliwa, ninyi mliiona, mlipoambiwa mtoe ng'ombe mwondoke ili wageni waone wanyama. Baba anasema siku ile alikubeba mgongoni kutwa nzima na ulikuwa mzito. Sasa ameshikilia kwamba hawezi kumpeleka mtoto mahali ambapo hata dada yake haonekani. Chuo kinafunguliwa Januari.

Mwanzoni nilikasirika, nikamwona mshamba. Lakini kila siku redio inataja wawekezaji na mahoteli, na wewe huandiki. Nami sasa naogopa, Shangazi, nakwambia kweli. Je, mpo pale pale? Ile nyumba uliyotuambia ina mlango wa buluu, bado ni yenu?

Nakuomba usimwandikie baba habari za chuo, atadhani nimekutuma. Mwandikie kwamba upo. Mwambie asubuhi unaamka saa ngapi, unapika nini, jirani yako nani, mwambie hata unagombana na nani. Nitamsomea mimi. Juzi alikwenda nami stendi mjini akamuuliza kondakta wa basi la Tanga kama anamfahamu Skolastika wa Kisongo. Yule kijana akacheka. Mimi nilitaka kulia.

Bibi anakusalimu sana, anauliza kama huko kuna dawa ya goti. Mama anakusalimu. Lemburis naye anakusalimu, anasema hana kosa lolote. Nilimuuliza baba nikupe salamu gani kutoka kwake. Akasema salamu anatumiwa mtu ambaye unajua yuko wapi.

Mungu akulinde hapo ulipo.

Ni mimi mwanao, nikupendaye,
Sinyati Loishiye