Breki ya Mbele

Jeddah

Kaka yangu Hamadi,

Asalamu alaikum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na nyumba nzima. Bibi goti lake limetulia? Na mdogo wetu Zuhura, bado anagombana na hesabu? Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Baba anashinda dukani mtaa wa Balad, Mama analalamikia joto, na mimi nimechubuka kiwiko. Hicho kiwiko ndicho ninachotaka kukusimulia.

Ijumaa Baba alinipeleka milimani, upande wa Taif, kwenye kiwanja cha baiskeli. Huko hakuna anayepanda mlima kwa pedeli. Unaitundika baiskeli nje ya kigari kinachoning'inia kwenye waya, unakaa ndani, unavutwa mpaka kileleni. Kisha unateremka kwa njia ya udongo yenye kona na matuta. Mama aliposikia alisema, "Inapandishwa kama bibi harusi, halafu inashushwa kama mwizi!"

Siku hiyo Abla Nura, mwalimu wetu wa baiskeli, alikuwa anachagua wasichana wa timu. Baba alikuwa ameshaniambia: nikichaguliwa atanileta kila mwezi, nisipochaguliwa, njia ni ndefu, nitaendesha ufukweni tu pamoja na watoto.

Nilipoteremka mara ya kwanza nilifanya kama ulivyonifundisha: breki ya nyuma peke yake, ya mbele sikuigusa. Kwenye kona kali tairi la nyuma likaganda, baiskeli ikaserereka, nikaingia kichakani kwa kiwiko. Abla alinionesha mfereji ambao tairi langu limeuchimba njiani.

"Nani kakufundisha hivi?"

"Kaka yangu, Zanzibar."

"Mwambie kwamba Mungu katupa mikono miwili. Yalla, panda tena. Ukiserereka tena, halas, basi."

Iliniuma, Kaka, kwa sababu hukukosea. Kwenye mchanga wa kwetu, tena baada ya Mjomba Saidi kurushwa juu ya usukani, nani asingeing'oa breki ya mbele ya baiskeli yetu, kama ulivyofanya wewe? Nilikuamini wewe kabla sijamjua Abla.

Tulipokuwa tunavutwa juu, Baba alifumba macho akisoma dua.

"Unaniombea mimi, Baba?"

"Naomba waya usikatike. Wewe una breki mbili."

Nilicheka mpaka woga ukanitoka. Nikateremka. Kabla ya kona ile nilirudisha mwili nyuma, nikaweka kidole kimoja kwenye kila breki, nikavuta taratibu, kisha nikaachia ili baiskeli igeuke yenyewe. Tairi la mbele likashika ardhi kama paka. Nikatoka kwenye kona nimenyooka.

Abla hakunitazama mimi, alitazama udongo nyuma yangu. Haukuwa na mfereji. "Timu," akasema, akamwita mwingine.

Shangazi Rukia wa Riyadh ameshaahidi kuninunulia glavu.

Sasa nina ombi. Zuhura amesema siku hizi anaiendesha baiskeli yetu kwenye kile kilima cha lami cha skuli. Tafadhali irudishe breki ya mbele. Siku ya kwanza kimbia pembeni yake, umeshika kiti, kama ulivyonishika mimi. Kukaa juu ya baiskeli bila kuogopa nilijifunza kwako, si mlimani.

Nisalimie Bibi, na Mama Mdogo anayewapikia, na Mjomba Saidi, ila yeye usimsomee habari ya usukani. Na Zuhura mwambie avute zote mbili.

Mdogo wako akupendaye,
Salma