Wimbo wa Kuoteshwa

Jumamosi, usiku

Eti kaoteshwa! Mume wangu, mwalimu wa kwaya, kawatangazia waimbaji wote hapa Igogo kwamba wimbo wetu mpya kaletewa ndotoni. Ndoto gani? Mimi ndiye ninayelala naye. Anakoroma tu.

Linki ya wimbo nimeikuta kwenye simu yake. Nikaibandika kwenye ile tovuti inayokutajia wimbo na mwimbaji. Ikaleta kwaya ya Zambia, wimbo wa zamani, tuni ileile. Yeye kaweka Kiswahili tu.

"Mama Paulo, kipaji hiki ni cha Mungu," ananiambia leo, huku anatafuna sato niliyemkaanga. Tena ananitazama usoni! Mwongo mkubwa.

Chini ya linki ile kuna nyingine. Kando yake kaandika, "ule wa harusi yetu." Ule aliosema kanitungia mimi.

Hiyo sijaibandika. Naogopa.