Mwanga Unasukuma

Jumatatu, 1 Julai 1996. Sapiwi

Uji. Dawa ya presha. Gazeti la sayansi, ukurasa uleule, mara ya tatu. Rafiki yangu wa Mwanza hunitumia kwa basi magazeti ya Kiingereza yaliyochakaa. Hili linahusu nyota changa. Nyota inapozaliwa hufunikwa na wingu la gesi na vumbi. Gesi huiangukia, huikuza. Lakini sehemu ya gesi hutupwa nje kwa mikondo miwili, juu na chini. Kwenye nyota kubwa, mwanga wenyewe hulisukuma vumbi, na vumbi huikokota gesi, kama plau inavyokokota mabua.

Mwanga hulisukuma vumbi. Nilipofika hapo nililifunga gazeti.

Jumanne, 2 Julai

Niandike kabla sijajidanganya. Nilikuwa nikifundisha Kimali, kijiji chetu cha zamani, mwaka ule wa nyota yenye mkia. Maduhu, darasa la saba, alisema mkia unaelekea mbali na jua kwa sababu mwanga wa jua unausukuma. Nikamwambia mwanga hauna mikono. Darasa likacheka. Akashikilia neno lake. Nikampigisha magoti juani, jiwe mikononi, mpaka aliposema mbele ya wenzake kwamba mwanga hausukumi. Hakuuliza swali tena mwaka mzima. Nilijivunia ukimya ule. Niliuita nidhamu.

Alikuwa sahihi.

Jumatano, 3 Julai

Maduhu sasa ananunua pamba hapahapa Sapiwi, ndani ya ghala lililokuwa la ushirika. Wanunuzi binafsi wamejaa msimu huu, kila mmoja na mizani yake. Nimepita mbele ya ghala mara mbili. Mara zote ameniamkia kwa heshima, na mimi nimemuuliza habari za mvua. Mwezi wa saba, kiangazi. Mpumbavu mimi.

Tangu operesheni ya vijiji itutoe Kimali, mbali na mke wangu ni yeye peke yake hapa anayejua nyumba yangu ilisimama wapi. Jioni nyingine huja, tukawataja majirani wa kule, mlango kwa mlango. Nikisema, huenda asije tena. Nisiposema, nitaketi naye vipi?

Alhamisi, 4 Julai

Mke wangu ameuliza kwa nini nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nimemweleza. Amecheka hadi kanga ikamdondoka. Eti mzee mzima amwombe radhi mtoto aliyemfundisha, tena kwa ajili ya nyota. Kisha akaiokota, akasema angekuwa yeye angeenda. Nimekasirika. Sijui nimemkasirikia nani.

Ijumaa, 5 Julai

Nimekwenda. Saa tano, foleni ya wakulima na mafurushi yao hadi nje. "Mwangaluka, Mwalimu," akaniamkia Kisukuma, akanitandikia gunia. Sikuketi. Nimesema yote nimesimama, gazeti mkononi, foleni ikisikia. Mtu mmoja nyuma amenong'ona kwamba leo mizani inapima wazee. Maduhu hakucheka. Aliendelea kusawazisha mizani. Halafu:

"Jiwe nimelisahau, Mwalimu. Lakini binti yangu nimemkataza kubishana na walimu. Nikisikia amebisha, nampiga. Nilijifunza kwako."

Akaniambia nije Jumapili, nimweleze binti. Sauti yake haikuwa ya kunisamehe. Wala ya kunifukuza.

Jumamosi, 6 Julai

Nimechora ile nyota na wingu lake. Nimefuta. Mchana wote hivyo.

Jumapili, 7 Julai

Nimetoka kwa Maduhu sasa hivi. Binti ni Nkwimba, kidato cha pili. Nilimwonyesha mchoro, nikamwambia alichosema baba yake siku ile na nilichomfanyia. Maduhu alisimama mlangoni, akitazama nje. Binti alimwangalia baba yake mgongoni.

"Uliza," akasema Maduhu bila kugeuka.

Akauliza. Kama nyota hukua kwa gesi, na mwanga wake unaifukuza gesi hiyo, nyota kubwa zimepatikanaje? Nikajibu kama gazeti: gesi huingia ubavuni, kwenye sahani ya gesi na vumbi inayoizunguka nyota, na mwanga hutoka kwa juu na chini, palipo na njia nyepesi. Hakutosheka. Nyota ikikua mwanga unazidi, akasema, na njia hizo zitapanuka mpaka zifike ubavuni. Kitu gani kinazizuia?

Nimefundisha miaka thelathini na moja. Nikamwambia sijui.

Maduhu akatoka mlangoni, akavuta kigoda, akaketi nasi.