Wifi, Waifai na Redio ya Baba

Jumapili, 3 Agosti

Wiki ya tatu sasa tangu wifi aje. Kaka yuko kambini kwao, wanajenga barabara huko mwisho wa ramani, na kamleta mkewe kwetu amsaidie Mama mpaka jicho lake lifanyiwe upasuaji. Msaada wenyewe – kimya! Anaosha vyombo kimya, anapiga pasi kimya. Ukimuuliza kitu anakujibu kwa nyusi. Kiwandani nimewaambia wenzangu: kaka yangu kaoa kabati.

Leo kabati lilifunguka kidogo. Tulikuwa sebuleni, Mama kwenye kiti chake, mimi nachomoa nyuzi kwenye kola za sare nilizoleta nyumbani kutoka kiwandani. Mama akasema gazeti halioni tena, maandishi ya kwenye tivii hayaoni tena, jicho moja ukungu, jingine maziwa. Amebaki kuhesabu magari yanayopita kwa mlio. Mwalimu mkuu mstaafu! Miaka thelathini ya madaftari na wino mwekundu, leo anahesabu magari. Wifi akanyoosha kidole kwenye redio ya marehemu Baba. Ile haifanyi kazi?

Mama: usiiguse.

Basi. Kabati likajifunga.

Jumatatu, 4 Agosti

Tunaiita redio lakini ni jumba. Amplifaya nzito, wanaume wawili wanaibeba wakitukanana. Spika mbili za mbao zinazonifika kiunoni. Baba alikuwa fundi wa malori, akajinunulia siku aliyostaafu, akaifaidi mwaka mmoja na nusu tu. Mlango wa kaseti ulivunjika, droo ya sidii haitoki hata kwa kisu. Kwa miaka sita kazi yake imekuwa kubeba maua ya plastiki.

Nimerudi kazini, maua yako sakafuni. Mama kalala chumbani, hana habari. Wifi kainama nyuma ya redio, miguu tu ndiyo inayoonekana. Nikamwuliza, Mama alisemaje jana? Akatoa tochi mdomoni. "Alisema nisiiguse. Sijaigusa. Nimegusa waya."

Nilicheka hadi nikajiziba mdomo kwa mto wa kochi. Yeye wala hakucheka. Akairudisha tochi mdomoni.

Jumatano, 6 Agosti

Kumbe redio ni nzima! Kilichokufa ni sehemu za kaseti na sidii tu, moyo bado unadunda. Wifi alinieleza jikoni, kwa kunong'ona kama wezi. Nyuma kuna matundu mawili, jekundu na jeupe, ya kuingizia sauti kutoka nje. Unachomeka pale kidude kidogo, ukubwa wa kipande cha sabuni. Kidude kinajiunga na intaneti ya nyumbani, halafu laptopu inakirushia muziki hewani. Laptopu jikoni, muziki sebuleni, katikati hakuna waya!

Nikamwuliza kasomea wapi. Hakusomea popote. Alikuwa akifanya kazi kwenye duka la kutoa kopi, mashine zikigoma fundi anachukua wiki kuja, ikabidi ajifunze mwenyewe. Alisema hivyo kama mtu anayesema alijifunza kufunga kamba za viatu.

Kidude kakifuata mwenyewe mjini, kwa miguu.

Alhamisi, 7 Agosti

Ilibidi Mama aambiwe. Nikajitolea, nikamwambia wifi kaleta waifai. Mama akasema mmoja anatosha.

Lakini kakubali! Kwa sharti: maua yarudi mahali pake.

Saa mbili nzima, hola. Laptopu inaiona printa, inaiona simu yangu, redio haiioni. Wifi anazima, anawasha, anasubiri, anazima. Hasonyi. Mimi ningekuwa nimeshakitupa dirishani. Mara laptopu ikaandika imeunganishwa – tukashikana mikono – wifi akabonyeza – kimya. Dakika moja baadaye mlango unagongwa. Jirani, dereva wa gari la wagonjwa, ambaye tunatumia naye intaneti moja. Amevaa kaptula, kakunja uso. Anauliza kwa nini tivii yake imeacha mpira na sasa inaimba.

Mama alicheka mpaka akaomba maji. Sijamsikia akicheka hivyo tangu jicho lianze.

Jumamosi, 9 Agosti

Imeongea!

Niandike taratibu nisije nikasahau. Asubuhi. Mama kwenye kiti. Mimi nafagia. Wifi yuko jikoni na laptopu kaiweka juu ya friji, anamenya viazi, maana kagundua jana kwamba kasoro ilikuwa jina: kidude na tivii ya jirani vilikuwa na jina lilelile. Kakibadilisha kakiita SEBULE. Ndilo tu lililokuwa linatukwamisha.

Kwanza spika zikahema. Kweli, kama mtu anayetaka kuongea. Halafu gitaa. Moja, upande wa kushoto, karibu na dirisha. Halafu la pili kulia, linalijibu la kwanza. Halafu besi – nikaisikia kwenye nyayo, kupitia ufagio! Tarumbeta zikaingia na mimi nikakaa chini sakafuni na vumbi langu. Siku zote nasikilizia muziki kwenye simu, kumbe nilikuwa nasikiliza mbu.

Mama aliinua mkono mmoja, ule wa kunyamazishia darasa. Nikajua hapo hakuna kupumua. Wimbo ulipoisha akasema pale nyuma kuna mtu anagonga kikengele. Kila mara ya nne. Miaka yote, akasema, nimeusikia wimbo huu, sikuwahi kujua kuna mtu wa kikengele.

Halafu akaita, mkwe wangu! Wifi akaja na kisu na kiazi. Mama akamwambia, "Umefaulu." Neno lile lile la madaftarini. Nilimwona wifi akigeuka haraka kurudi jikoni. Machozi yale sidhani yalikuwa ya viazi, viazi haviwashi macho.

Jumapili, 10 Agosti

Siku nzima muziki. Mama anamwimbia wifi kipande cha wimbo wa ujana wake, maneno nusu, nusu ni mm-mm-mm. Wifi anaandika hayo nusu kwenye laptopu, anatafuta, anacheza. Siyo huu. Siyo huu. Huu unafanana, lakini ule mwanamke alikuwa na sauti ya kukwaruza. Wa kumi na moja ndio wenyewe! Mimi ningeachia wa tatu. Huyu mtu ana subira ya kushona kwa mkono.

Jioni tukajaribu filamu, haikufaa. Sauti inachelewa kufika sebuleni sekunde mbili. Mtu anafumba mdomo ndipo anaongea. Wifi akasema kwa muziki haidhuru, muziki hauna midomo. Kaipanga sasa sauti itoke kotekote, kwenye laptopu na kwenye redio, ili na yeye asikie akiwa kazini kwake jikoni au chumbani.

Baada ya chakula akaleta salamu za kaka, kama afanyavyo kila jioni wiki hii. Eti kaka anauliza Mama bado anakunywa chai bila sukari? Avae ile sweta ya kijani, asubuhi kuna baridi. Mama akajishika sweta papo hapo kuhakikisha. Kaka wa kukumbuka sweta! Umbali umemlainisha. Nimemwandikia ujumbe kumshukuru, nikamwambia salamu zake ndizo dawa ya Mama.

Jumanne, 12 Agosti

Kizaazaa. Upasuaji ni keshokutwa na Mama kagoma. Hasaini karatasi, halali kwenye kitanda cha hospitali kama mwanawe wa kiume hayupo mlangoni. Nikabembeleza, nikagomba, nikalia. Ni mtoto wa jicho tu, Mama, nusu saa! Akasema nusu saa inatosha kufa.

Wifi alizima muziki, akaja akapiga magoti mbele ya kiti. Akasema mwanao kaniambia maneno, nikuambie? Anasema hajui kama atapata ruhusa. Anasema nenda hivyo hivyo, maana akija akakuta humwoni uso itamuuma kuliko kutokuja.

Mama akaomba kalamu, mimi nikamwekea kidole pale pa kusaini.

Nani angeweza? Mimi binti yake nimeshindwa. Na nilimwita kabati.

Jumatano, 13 Agosti

Naandika haraka, mwandiko utakuwa mbaya.

Saa kumi na moja jioni. Begi la hospitali liko tayari mlangoni. Mama na mimi tuko sebuleni, muziki wa chini chini, wifi yuko chumbani kafunga mlango, kavaa hedifoni zake kubwa. Wimbo ukakatika. Nikadhani intaneti. Halafu sauti ya kaka ikajaa chumba chote. Kaka, mzima mzima, kutoka kwenye spika za Baba!

Mama akatabasamu. Akadhani ni zawadi, kwamba wifi kampangia. Akajitengeneza kilemba.

Wifi alikuwa anaongea na mumewe kwa laptopu, akisahau kwamba sauti inatoka kotekote. Sauti yake mwenyewe tuliisikia kwa mbali, kupitia mlangoni. Na kwa kuwa ya kaka inachelewa zile sekunde mbili, majibu yalikuwa yanatangulia maswali. Sitasahau maisha yangu.

Kaka akasema dada kaniandikia eti salamu zangu ni dawa. Salamu gani? Mimi nimekutuma salamu lini?

Mlangoni, taratibu: "Kwa sababu anazisubiri."

Kisha spika: Na kwa nini unamdanganya Mama?

Nikaruka kwenda kuzima. Mama akanidaka kifundo cha mkono – haoni, lakini alinidaka! Akasema, acha.

Mlangoni: "Likizo unayo, basi njoo."

Spika: Likizo yangu ni ya kupumzika, siyo ya kukaa korido za hospitali. Kusindikiza wagonjwa ni kazi yenu wanawake. Yule analalamika tangu nizaliwe, hajafa.

Mama aliachia kilemba. Mkono mwingine bado umenishika.

Halafu mlangoni, na hapa sauti yake ilipanda, mara ya kwanza kuisikia ikipanda: "Hapana. Mimi nabaki."

Tukangoja. Sekunde ya kwanza. Ya pili. Spika ikasema: Kesho asubuhi panda basi urudi, wamalizane wenyewe.

Sauti ikakatika. Wimbo ukaendelea palepale ulipoishia, kwenye tarumbeta. Nikauzima.

Nilidhani Mama atalia. Alinyoosha sketi yake magotini, mara mbili, tatu. Akauliza kama maneno ya jana pia, yale ya uso, yalikuwa ya mkwe. Nikasema nadhani ndiyo, Mama. Na ya sweta? Na ya sweta.

Wifi akatoka. Kanawa uso, nywele za mbele zimelowa. Akaja akasimama mbele ya kiti, akaanza kama kila siku. Mama, mwanao anakusalimu sana, anasema kesho...

Mama akamkata. "Zake leo sizitaki. Nipe zako."

Wifi akanitazama mimi. Nikashindwa kumtazama. Akaitazama redio, kitaa chake cha kijani kinawaka, na nikamwona anaelewa. Akasema nisamehe, Mama. Mama akasema umekosa nini? Kaa hapa. Hapa, karibu, nikushike nijue ulivyo, kesho nitakuona nikulinganishe.

Nikawaachia sebule. Naandika hapa kwenye meza ya jikoni. Nawasikia. Wifi analia, sasa kwa sauti, kama mtu yeyote. Mama anamwuliza anazo salamu zipi basi. Sijasikia jibu, lakini Mama kacheka kidogo, kicheko chembamba, cha puani.

Simu yangu inaita. Kaka. Sijapokea. Imekata.

Inaita tena.

Mama anauliza kutoka sebuleni ni nani huyo anayepiga hivyo. Nimesema ni yeye. Sasa anamwuliza wifi kama simu nayo inaweza kurusha kwenye redio kama laptopu. Wifi kasema inaweza.

"Basi iunganishe," Mama anasema. "Nami nina maneno yangu, nataka nimsikie vizuri akiyajibu."

Wifi kasimama mlangoni mwa jikoni, kanyoosha mkono. Simu bado inaita –