Kanda ya Baba na Ng'ombe Aliyepotea

Mpendwa Baba,

Tulipokwisha kukuzika, dada yako Tata Njeri aliniuliza ni kitu gani chako ningependa kubaki nacho. Nikamwambia ile kanda ya roki. Akanitazama kama mtu aliyepungukiwa na akili. "Shamba iko, nyumba iko, na wewe unataka kanda?" Nikasema ndiyo, pamoja na redio yako ya kaseti. Sasa ninazo zote mbili, na kuna jambo moja kuhusu kanda hiyo ambalo sikuwahi kukuambia. Nataka ulijue.

Kwanza niisifu, maana inastahili. Nimesikiliza muziki mwingi tangu miaka ile ya tisini, na bado sijapata albamu inayoanza vizuri kama ile: ngoma peke yake, nzito, bila haraka, halafu gitaa linaingia kama mtu anayejua nyumba ni yake. Sauti ya mwimbaji imekwaruza, si nzuri hata kidogo, lakini unamwamini. Jina la albamu hatukulijua. Uliirekodisha kwenye kibanda cha muziki mjini Thika, na yule jamaa hakuandika chochote juu yake, ila alipoona nafasi imebaki mwishoni akajazia nyimbo za injili. Roki inakwisha, unavuta pumzi moja, kwaya inaanza. Ulikuwa unasema, "Umeona? Hata Wazungu mwishowe wanaokoka."

Jumapili pale mtaani Landless, Thika, wengine wakiwa kanisani, ulianika betri juani zipate nguvu, kisha ukawasha redio na kuanza kufua sare zetu, macho yakirudi langoni kila mara. Wanaume wengine wa ploti ile ya vyumba vya kupanga hawakufua hata soksi. Mama Ciku, jirani yetu, alikuwa akirudi ibadani anasimama penye kamba ya nguo na Biblia kwapani.

"Baba Wanjiru, hii kelele ni ya nini siku ya Mungu?"

"Mama Ciku, si hata Daudi alipiga vyombo?"

"Daudi hakuwa anasumbua watu!"

Mama Ciku hana dogo, unamjua. Lakini hakuondoka mpaka wimbo uishe.

Mama alikuwa amehamia Mwiki, kule Ruiru, na hakuna aliyetueleza sababu. "Ameenda biashara," ulisema, na mazungumzo yakafungwa. Mimi nilikuwa darasa la nne, Kiingereza changu kikiishia kwenye salamu za asubuhi, kwa hiyo nikawa nakuuliza wale Wazungu wanasema nini.

Ulinijibu kila mara. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa lori lililokwama kwenye matope, ndiyo maana ngoma zinasukuma vile. Wa pili, mvua imekataa kunyesha. Wa tatu ndio nilioupenda. "Hii ni ya mtu na ng'ombe wake, Maitu," ulisema. Uliniita Maitu, mama, kwa kuwa nina jina la mama yako. "Ng'ombe amepotea. Sikia vile anamwita." Na kweli mwimbaji alikuwa anaita, hadi sauti inapasuka. Mimi na mdogo wangu tulicheza densi hapo katikati ya mabeseni, tukimwita ng'ombe pamoja naye.

Halafu kuna ule mrefu, ambao kwa muda mwingi ni gitaa tu. Nilipokuuliza ule, uliacha kusugua. "Hapa hakuna maneno. Sikiza tu." Bado naamini albamu nzima iko hapo. Gitaa linapanda polepole, linakaribia kusema kitu, kisha linajirudi. Hapo tu ndipo hukunidanganya.

Nilipofika kidato cha pili, Kiingereza kilikuwa kimenifungukia. Jumapili moja nimekaa kwenye kigoda nakatakata sukuma wiki, maneno yakaanza kuingia yenyewe. Hakukuwa na lori. Hakukuwa na mvua wala ng'ombe. Kulikuwa na mwanamume mmoja tu, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na mke aliyeondoka. Anaamka, kitanda kitupu. Anapiga simu, haipokelewi. Anamwita arudi, na kufikia wimbo wa mwisho anajua kwamba harudi.

Nikakutazama ukikamua shati langu la shule. Wewe uliyesoma gazeti la Kiingereza kila jioni ulijua kila neno. Ulikuwa unafunika kombe mwanaharamu apite, Jumapili baada ya Jumapili. Niliumia, Baba, wala si kwa kudanganywa. Niliumia kwa sababu ulikuwa unalia mbele yetu na sisi tunacheza densi.

Likizo ile nilienda kwa Mama. Alikuwa anakaanga mandazi ya kuuza, akaniuliza bila kuinua uso, "Baba yako bado anaweka ile kanda yake?" Nikasema bado. Akageuza mandazi ambayo hayakuwa yameiva. "Aki huyo mtu," akasema. Nikajua maji yalikwisha kumwagika. Nilirudi Thika nikiwa na hasira naye, hasira iliyochukua miaka kuisha.

Jumapili iliyofuata nilikuomba, "Baba, niambie tena ile ya ng'ombe."

Ulishangaa. Nilikuwa msichana mkubwa, tunalingana kimo. "Bado unataka hiyo?"

"Nataka."

Ukapangusa povu mikononi, ukaketi, ukaanza. Siku hiyo ng'ombe alikuwa ameonekana Juja, mtu amemfunga kwa mti, na Mama Ciku amefika pale na sufuria anataka kumkama. Tulicheka mpaka Mama Ciku mwenyewe akachungulia. Nikakuomba tena wiki iliyofuata, na nyingine, hadi nilipoolewa. Ulikuwa unawaambia watu kwamba binti yako hakui, bado anapenda hadithi.

Jambo lenyewe ndilo hili. Nilikuwa naelewa kila neno la zile nyimbo, Baba. Niliendelea kuuliza kwa sababu ukianza kusimulia, uliacha kutazama lango.

Pumzika sasa. Kufua kumekwisha.

Binti yako mkubwa