Hewa Ndani ya Hita

Muscat

Mjukuu wangu Salma,

Salamu za nyumba nzima zikufikie. Mama yangu hajambo, na sisi bado tunalala juu ya paa kwa joto. Nilipomsomea barua yako, kwamba hita ya maji moto ya chumba chako huko London inanguruma lakini haipati moto, alicheka: "Joto nalo huletwa kwa bomba?"

Wananicheka na mimi, niliyekuzidi miaka mitatu tu, kwa kukuandikia kama bibi. Lakini mama yako ni mwanangu kwa ukoo, basi vumilia.

Hita yako haijaharibika, imeingia hewa. Unaloogopa ni mwenye nyumba kuona unamlaumu. Nnakuelewa. Nilipokuwa nasomea ualimu huko, nami niliona mgeni hasemi kuwa nyumba ya watu ina baridi. Nikakaa na koti, hata mezani, mpaka mama mwenye nyumba, mjane, akaniuliza, "Mbona kila siku uko tayari kuondoka? Nimekukosea nini?"

Nikamwambia chumba kina baridi. Akapanda na ufunguo mdogo, akalegeza skrubu iliyo juu ya hita. Hewa ikatoka ikipiga mluzi, yakafuata matone ya maji, akaikaza. Tukaweka mikono juu ya hita tukisikia chuma kinapata moto.

"Miezi yote hii," akasema, "nilidhani hunipendi."

Basi teremka leo, umwambie una baridi. Ukiona haya, sema bibi yako amekutuma.

Akupendaye,
Bibi Zuwena