Gari la Baba Haliwaki

Kaka,

Sisi wazima. Mama amepaka jiko rangi ya samawati, sasa analalamika kwamba masufuria yake yanaonekana machafu.

Uliuliza habari za gari la Baba. Stata inazunguka vizuri, ila injini haiwaki. Baba ameshalaumu betri, plagi, petroli, hata jirani. Jumamosi nikamwita fundi. Akachomoa plagi, cheche zikaruka. Akalegeza mpira wa petroli, mkavu! "Pampu haipati umeme," akasema, akaufuata waya mpaka chini ya kiti cha dereva, kwenye ile swichi uliyoificha kwa ajili ya wezi. Ilikuwa imezimwa.

Kabla sijafungua mdomo, Mama alinivuta pembeni. "Nimeizima mimi. Juzi baba yako alirudishwa na watu. Alikuwa amesahau njia ya nyumbani."

Fundi alisikia. Akafunga vitu vyake, akamwambia Baba, "Mzee, gari la zamani hili, vipuri vyake ni shida."

"Fundi gani wewe!" Baba akafoka.

Basi kila asubuhi huvaa viatu, hukaa nyuma ya usukani na kuzungusha ufunguo mpaka achoke. Mama humpelekea chai humo humo. Jana betri iliisha kabisa, hata stata haikulia, na Baba akashinda kitandani, uso ukutani. Kwa hiyo nimeipeleka ikachajiwe, jioni nitaifunga. Swichi siigusi.

Njoo, Kaka. Jina lako bado analijua.

Mdogo wako